Usafi na Mafuta ya Jeki za Trela ya Kambi

Trela ya kambi ni nyumba ndogo inayovutwa na gari, na hata ikishaegeshwa huendelea kukaa juu ya vitu vinavyonesa: matairi yaliyojaa upepo na springi za ekseli. Mtu mmoja akitoka kitandani kwenda jikoni, sakafu nzima huyumba, vikombe hugongana kabatini, na aliyelala huamka. Kwa sababu hiyo trela nyingi za kambi huko Marekani na Kanada hufungwa jeki nne, moja katika kila pembe, chini ya fremu ya chuma inayobeba sakafu. Jeki hizo zina kazi moja tu, kuituliza trela. Uzito wenyewe hubaki kwenye magurudumu na kwenye jeki kubwa ya mbele, ile iliyo kwenye mkono wa kuvutia. Jeki za pembeni huzuia tu trela isicheze.

Aina iliyoenea zaidi ni jeki ya mkasi. Ni ndugu wa jeki ambayo dereva wa Dar es Salaam au Nairobi huikuta kwenye buti la gari dogo: mikono minne ya bati nene iliyounganishwa kwa pini, na parafujo moja ndefu inayopita katikati kwa ulalo. Upande mmoja parafujo hupita ndani ya kipande cha chuma chenye meno, ambacho ndicho nati ya jeki. Upande wa pili hupita kwenye kipande kisicho na meno, na hapo huzunguka ikiegemea washa au beringi ndogo. Parafujo ikizungushwa kwa mpini, vipande hivyo viwili husogeleana, mikono hufunguka, na mguu wa jeki hushuka hadi ardhini.

Meno ya parafujo hiyo hayakuchongoka kama ya bolti ya kawaida. Ni mapana, yenye vichwa bapa, na kwa jeki za Marekani mara nyingi ni ya mtindo wa Acme, uliobuniwa mwaka 1894, ambao pande mbili za jino hufanya pembe ya nyuzi 29. Meno mapana hubeba mzigo mkubwa bila kukatika, lakini msuguano wake nao ni mkubwa. Kati ya nguvu yote inayotiwa na mkono, inayofanya kazi kweli huwa kama asilimia 20 hadi 40. Iliyobaki huishia kwenye chuma kusuguana na chuma. Msuguano huohuo ndio unaoifanya jeki isirudi yenyewe mkono ukiachia mpini. Wapo wanaohofia kwamba jeki iliyopakwa mafuta itateleza usiku watu wakiwa wamelala. Hofu hiyo haina msingi: mwinuko wa meno ni mdogo, na hata yakiwa na grisi ya kutosha, jeki hubaki pale ilipowekwa.

Umbo la mkasi lina hesabu yake, na hesabu hiyo inaeleza kwa nini parafujo huchakaa kabla ya kila kitu kingine. Mikono ya jeki ikiwa imesimama kwa nyuzi 45, mvuto ndani ya parafujo ni sawa na mzigo uliobebwa. Ikiwa imelala kwa nyuzi 30, mvuto huo hufika mara 1.7 ya mzigo. Ikiwa imelala karibu kabisa, nyuzi 10 tu kutoka usawa, parafujo huvutwa kwa nguvu inayokaribia mara sita ya mzigo wote. Jeki inayoanza kubeba ikiwa bado bapa huyatesa meno yake kupita kiasi. Iliyofunguliwa hadi mwisho nayo huwa ndefu na nyembamba, ikayumba pamoja na trela iliyotakiwa kuituliza. Mahali pazuri ni katikati, na kipande cha mbao kinachowekwa chini ya mguu kichaguliwe unene kwa kuangalia hilo.

Sasa adui wa jeki. Jeki mbili za nyuma hukaa nyuma ya magurudumu, chini kabisa, na kila tairi linapozunguka huzirushia maji, vumbi, kokoto na lami. Jeki ikiwa imekunjwa kwa safari, ule urefu wa parafujo ambao nati italazimika kuupita huwa wazi kati ya ncha zake mbili, bila kifuniko chochote. Katika majimbo yenye theluji, kama Michigan, Ohio na Minnesota, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi ya magnesi, inayotumika sana huko Colorado, ina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kilichorushiwa maji yake hubaki na majimaji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Kutu haihitaji zaidi ya hapo. Kwenye pwani ya Florida upepo wa bahari hufanya kazi hiyohiyo polepole, na katika jangwa la Arizona na Utah tatizo halitoki kwenye maji, linatoka kwenye mchanga laini unaoingia kila upenyo.

Wenye trela wengi, jeki ikianza kulia au kuwa nzito, huchukua kopo la mafuta ya kupuliza na kulimimina juu ya parafujo ilivyo, pamoja na uchafu wake wote. Kwa siku chache jeki huwa nyepesi, na hapo mtu huamini amemaliza. Ukweli ni kwamba ameanzisha uharibifu. Mchanga ukichanganyika na mafuta hugeuka kitu kilekile ambacho mafundi wa injini hukitumia kusagia valvu zikae sawa: uji unaokula chuma. Nati ikipita juu ya uji huo mara kwa mara, meno hulika, na chuma kilicholika hakirudishwi na mafuta ya aina yoyote. Jeki nyingi zinazotupwa zilipakwa mafuta miaka yote. Kilichokosekana ni kuoshwa kabla ya kupakwa.

Kazi ya matunzo huanza kwa kuifanya trela iwe salama. Iwe mahali pa usawa, iwe imeungwa na gari linaloivuta, gari likiwa na breki ya mkono, na magurudumu ya trela yakazwe kwa vizuizi mbele na nyuma. Jeki zote nne zipandishwe. Hakuna sehemu ya kazi hii inayodai mtu aingize kichwa au kifua chini ya trela iliyoinuliwa. Mkono na brashi vinatosha kutokea pembeni. Miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa kuwa kutu inayotolewa kwa brashi ya waya huanguka moja kwa moja usoni mwa aliyelala chini.

Baada ya hapo jeki ikaguliwe ikiwa kavu. Parafujo izungushwe taratibu na kutazamwa kama inakwenda sawa au inayumba. Inayoyumba imepinda, pengine kwa kugonga ukingo wa barabara. Nati itikiswe kwa mkono: ikicheza sana mbele na nyuma, meno yake yamekwisha. Pini za mikono ziangaliwe kama zimelegea kwenye matundu yake, na pale penye weldi patafutwe mstari mwembamba wa kutu, ambao ni dalili ya ufa. Bolti zinazoshikilia jeki kwenye fremu zikazwe. Washa au beringi iliyo nyuma ya kichwa cha parafujo isisahaulike. Ndiyo inayopokea mvuto wote, na ikipotea au kusagika, kichwa cha parafujo huanza kujichimbia ndani ya bati.

Jeki hukunjwa tena, ili parafujo ionekane kwa urefu wake wote wa kazi. Uchafu mkavu huondolewa kwa brashi ngumu ya nailoni, na kutu kwa brashi ya waya, huku parafujo ikizungushwa kidogo kidogo ili brashi ifuate mfereji wa meno. Grisi ya zamani iliyogeuka nyeusi na ngumu huyeyushwa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, au kwa dawa ya kusafishia breki. Petroli isitumike kamwe. Mvuke wake hushika moto haraka, na chini ya trela za aina hii hupita bomba la gesi ya kupikia. Baada ya hapo jeki ioshwe kwa maji ya kawaida, hasa ikiwa imetoka kwenye barabara za chumvi, kisha iachwe ikauke. Mashine ya maji yenye nguvu kubwa huhitaji uangalifu, maana husukuma mchanga ndani ya nati na pini badala ya kuutoa.

Ikishakauka ndipo huja suala la mafuta, na hapo mabishano ya wenye trela hayaishi. Kundi moja husema grisi. Kundi jingine husema kilainishi kikavu. Kila upande una hoja, kwa sababu kila upande husafiri kwenye barabara zake.

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni maalumu ili yasitiririke. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha taasisi ya Marekani ijulikanayo kwa herufi NLGI, iliyoanzishwa mwaka 1933. Kipimo huanzia 000, iliyo kama majimaji, hadi 6, iliyo ngumu kama kipande cha sabuni. Grisi ya kawaida ya gereji ni namba 2. Ile ya sabuni ya lithi, iliyopewa hataza mwaka 1942, hufaa kwa jeki kwa kuwa hustahimili joto na maji kwa kiasi. Palipo na bahari au chumvi ya barabarani, grisi ya boti ni bora zaidi, maana imetengenezwa isioshwe na maji. Faida ya grisi ni kwamba huziba chuma kisifikiwe na hewa na unyevu. Hasara yake ni kwamba hunata, na kila vumbi linalopita hukaa.

Kilainishi kikavu hupulizwa kikiwa majimaji, kisha kiyeyushi hukauka na kubakiza utando mwembamba. Mara nyingi utando huo ni wa PTFE, kitu cheupe kinachoteleza kilichogunduliwa na mkemia Roy Plunkett katika maabara ya DuPont mwaka 1938, ambacho wengi hukijua kupitia sufuria zisizoshika chakula. Vumbi halinati juu yake. Lakini utando huo haukingi kutu vizuri, na husuguliwa ukaisha baada ya jeki kufunguliwa na kukunjwa mara kadhaa, hivyo hudai kupulizwa tena mara nyingi zaidi.

Kwa anayesafiri jangwani na kwenye njia za vumbi, kilainishi kikavu ndicho chaguo la busara, mradi akirudie. Kwa anayekaa pwani, au anayevuta trela wakati wa theluji, kutu ni hatari kubwa kuliko vumbi, na grisi nyembamba ya boti hushinda, mradi ifutwe na kupakwa upya kabla haijajaa mchanga. Kitabu cha mtengenezaji nacho kisomwe, maana wapo wanaotaja aina ya kilainishi kwa jeki zao, na neno lao lifuatwe. Kisichofaa mahali popote ni kurundika grisi nene juu ya parafujo kana kwamba wingi ndio ulinzi. Utando unaoacha meno yaonekane chini yake unatosha.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kuchanganya grisi. Sabuni zinazoshikilia mafuta hazipatani zote. Zikikutana zisizopatana, mchanganyiko huweza kulegea, mafuta yakatengana na kudondoka, na jeki ikabaki kavu. Aliyenunua trela iliyotumika na hajui ndani kuna grisi gani, aiondoe yote kwanza.

WD-40 hustahili kuelezwa peke yake, kwa kuwa kopo lake liko karibu kila nyumba. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na matumizi yake ya awali yalikuwa kulinda ngozi ya makombora ya Atlas dhidi ya kutu. Kwa jeki iliyolowa, au kwa kulainisha uchafu mkavu kabla ya brashi, ni msaada mkubwa. Lakini utando inaouacha ni mwepesi, na haudumu kwenye parafujo inayobeba mzigo nje, juani na mvuani. Aliyeipuliza aifute, kisha apake kilainishi chenyewe.

Kilainishi hupakwa parafujo yote, halafu jeki hufunguliwa hadi mwisho na kukunjwa tena mara mbili au tatu ili nati isambaze mafuta kwenye meno yake ya ndani. Kinachojikusanya ukingoni hufutwa kwa kitambaa, kwa sababu hicho ndicho kitakachokamata vumbi kesho. Kila pini ya mikono hupewa tone moja la oili nyepesi. Mlio unaosikika usiku mtu anapogeuka kitandani mara nyingi hutoka kwenye pini, na watu hulaumu parafujo bure. Washa au beringi iliyo nyuma ya kichwa cha parafujo hupakwa grisi, hata pale parafujo ilipopewa kilainishi kikavu, maana hapo mvuto ni mkubwa. Dawa ya kupuliza ielekezwe mbali na magurudumu. Trela za kambi kwa kawaida zina breki za umeme ndani ya dramu, na viatu vya breki vikinyonya mafuta havishiki tena vizuri. Mpira wa tairi nao haupatani na viyeyushi vya petroli.

Jeki iliyoganda kwa kutu haivunjwi kwa nguvu. Hupakwa mafuta ya kupenya kutu, huachwa usiku mzima, kisha hujaribiwa kwa kuzungushwa robo mzunguko mbele na robo nyuma. Ikikataa, hupakwa tena na kuachwa tena. Mwendo wa kwenda na kurudi huvunja kutu na kuipa nafasi ya kutoka. Kusukuma upande mmoja tu huisindilia kwenye meno. Moto wa gesi, ambao fundi wa gereji huukimbilia kwa bolti ngumu, hapa haufai. Juu ya jeki kuna sakafu ya mbao, nyaya, bomba la gesi, na katika trela nyingi karatasi ya plastiki iliyofunika tumbo lote la trela. Jeki inayohitaji moto ni heri ifunguliwe bolti zake na kupelekwa mezani.

Jeki ya mguu wa kukunjua, ambayo mguu wake mmoja huning'inia kwenye bawaba na kusukumwa na parafujo, hutunzwa kwa namna ileile, ila bawaba na njia inamotelezea huhitaji kusafishwa na kupakwa mafuta pia. Jeki za umeme zina mota ya volti 12. Giaboksi yake huwa imefungwa kiwandani na haifunguliwi. Kinachotunzwa ni parafujo, pini, na miunganisho ya nyaya, hasa waya wa kurudisha umeme kwenye fremu, ambao kutu huula ukasababisha mota kuvuta kwa shida ingawa betri imejaa. Sehemu ya kuzungushia kwa mkono iangaliwe kama inafikika na kugeuka, kwa ajili ya siku ambayo umeme utakosekana. Jeki kubwa ya mbele nayo ina gia ndani ya kichwa chake, na grisi hutiwa pale mtengenezaji alipoweka tundu la kuitilia.

Matumizi mabaya huharibu kazi yote hiyo kwa siku moja. Trela husawazishwa upande kwa upande kwa kupandisha gurudumu juu ya ubao, halafu mbele na nyuma kwa jeki ya mbele, na jeki za pembeni hushushwa mwisho kabisa. Mguu ukigusa ardhi, mzunguko nusu au mmoja unatosha. Wapo wanaoendelea kuzungusha hadi tairi linaanza kuinuka, wakidhani wanaongeza utulivu. Wanachofanya ni kupinda fremu, na dalili ya kwanza huwa mlango unaokataa kufunga. Zipo jeki za mkasi zilizopimwa kubeba ratili 5,000 na zaidi, lakini namba hiyo ni nguvu ya jeki yenyewe, wala si ruhusa ya kuinua trela kwa pembe moja.

Drili ya betri yenye kichwa cha boksi imerahisisha kazi ya kuzungusha, nayo si mbaya ikitumiwa kwa mwendo wa polepole. Hatari iko mwisho wa safari ya parafujo. Drili ikipelekwa mbio hadi jeki igonge mwisho, nati hujibana, washa hupasuka, na mpini wa drili huweza kugeuza kifundo cha mkono. Mizunguko michache ya mwisho, juu na chini, ifanywe kwa mkono. Mkono huihisi jeki inapokuwa nzito kuliko jana, na hiyo huwa taarifa ya mapema kuliko mlio wowote.

Kuhusu muda, ukaguzi kamili hufaa mara mbili kwa mwaka: majira ya kuchipua kabla ya safari ya kwanza, na mwisho wa msimu kabla ya trela kuwekwa kwa miezi ya baridi. Ule wa mwisho wa msimu una uzito zaidi, kwa sababu chumvi na unyevu vilivyoachwa kwenye parafujo hufanya kazi miezi yote trela ikiwa imelala. Aliyepita kwenye chumvi, kwenye matope au karibu na bahari asingoje msimu. Aoshe jeki akifika tu, na apake mafuta zikishakauka.

Jeki ambayo nati yake imekwisha meno, parafujo yake imepinda au weldi yake imepasuka haitengenezwi. Hununuliwa nyingine, na ni vizuri zibadilishwe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, ili urefu na ugumu wake ulingane. Kabla ya kufunga mpya, sehemu ya fremu iliyokuwa imefunikwa na jeki ya zamani isuguliwe kutu na kupakwa rangi, na bolti ziwe mpya. Jeki mpya nayo hupangusiwa vumbi la stoo na kupakwa kilainishi kabla ya kushushwa mara ya kwanza, kwa kuwa mafuta inayotoka nayo kiwandani mara nyingi ni ya kuikinga na kutu ikiwa stoo tu.